Kibodi Arobaini za Mbao

Wavinya alirudishwa nyumbani Jumatatu saa nne asubuhi, sanduku la bati kichwani, godoro lililofungwa kamba likimpiga mgongoni. Kutoka stendi ya Thika hadi Kiganjo alitembea kwa miguu, na kila mwenye kibanda kando ya njia alimwona. Watu wa Kiganjo wanajua kusoma sanduku la shule. Likipita Novemba, ni likizo. Likipita katikati ya Juni, watu wanaacha biashara, wanashika viuno, wanauliza.

"Wavinya, ni karo ama ni tumbo?" akauliza mwuza sukuma wiki, kwa sauti ya kuwafaa wote waliokuwa mbali.

"Ni kompyuta," Wavinya akajibu bila kusimama.

"Haiya! Kumbe hiyo nayo inafukuzisha mtu?"

Baba yake, Munyao, alikuwa nje ya chumba chao akipiga randa mguu wa kitanda. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa vipimo, mtu asiyeweza kupita karibu na picha iliyoning'inia upande bila kuinyoosha, hata ikiwa ni nyumba ya wenyewe. Shule aliiacha darasa la nne. Kusoma alisoma, polepole, kidole kikitangulia macho.

Aliangalia sanduku, akaangalia binti, akaweka randa chini. Akafungua barua.

"'Binti yenu wa kidato cha nne,'" akasoma, "'siku ya Jumamosi, mbele ya wageni waheshimiwa, alitumia vibaya intaneti ya shule kwa kutuma ng'ambo matusi katika lugha isiyojulikana.'"

Mkewe, Syombua, alikuwa ametokea mlangoni na uzi wake wa kusukia vitambaa.

"Kama lugha haijulikani," akauliza, "wamejuaje ni matusi?"

"Ngoja nimalize. 'Kamati itaketi Ijumaa saa nne. Mje mseme kwa nini asifukuzwe. Akifukuzwa, hatafanyia mtihani wa Oktoba katika shule hii, na ule mpango wa mbao kwa karo utakuwa umekwisha.'"

Hapo Munyao akaketi juu ya mguu wa kitanda, ukiwa bado haujapigwa msasa.

Mpango wa mbao kwa karo ulikuwa hivi. Mwaka uliopita Shule ya Sekondari ya Bondeni Juu, kule Ruiru, iliwataka wazazi wote walipe pesa ya kompyuta juu ya karo. Munyao hakuwa na hiyo ya juu wala ile ya chini. Mwalimu mkuu, Bwana Kagwe, akamwita ofisini, akampa karatasi yenye picha ya kibodi, pale panapobonyezwa herufi za kompyuta. "Nichongee arobaini," akasema. "Za mbao. Wanafunzi wajifunze kupiga chapa bila kuzichosha mashine. Mimi sitakuuliza karo mpaka binti amalize." Munyao akanunua vipande vya plaiwudi vya masanduku yaliyotupwa na viwanda vya Thika, akachonga vitufe, akachora herufi kwa rangi nyeusi, moja moja, miezi miwili. Syombua naye akaombwa vitambaa vya kufunikia kompyuta zenyewe, akavisuka vyeupe, vyenye maua pembeni, kama vile watu wanavyofunikia televisheni na redio. Kwa ufupi, nyumba hii ndiyo iliyozivalisha kompyuta za Bondeni Juu. Kilichobaki ni kuzigusa tu.

"Ulituma matusi?" Munyao akauliza.

"Hapana, Baba. Niliandika, Jambo marafiki. Karibuni Kenya."

"Na ikatoka nini?"

Wavinya akatoa karatasi ya pili, ile iliyoambatishwa kama ushahidi. Munyao akaweka kidole kwenye neno la kwanza, na kidole hakikusonga.

*pqdwg dqkqyoao. aqkowxfo atfnq.*

* * *

Kompyuta zilikuwa tano. Zilitoka shule fulani ng'ambo, zikapitia ofisi ya wafadhili Nairobi, zikafika Ruiru, zikafungiwa. Mlangoni palibandikwa karatasi: KANUNI ZA MATUMIZI MEMA YA KOMPYUTA. Kanuni ya kwanza ilisema vua viatu. Ya pili, usikohoe. Ya tatu, usiguse kitufe chochote bila idhini ya mwalimu mkuu. Kulikuwa na nyingine tisa, lakini ukishatii ya tatu, zilizobaki hazikuwa na kazi.

Mwalimu wa kompyuta, Bwana Gichuru, alisomea somo hilo Nairobi kwa wiki moja, walimu kumi na wawili mbele ya mashine moja, naye aliketi nyuma. Hata hivyo alifundisha kwa bidii. Wanafunzi arobaini waliketi darasani, kila mmoja na ubao wake magotini, mwalimu akaita maneno, nao wakagonga. Sauti ya kugonga ilikuwa kama mvua juu ya bati. Macho yalitakiwa yatazame mbele, kwa sababu Gichuru aliambiwa kwamba mpiga chapa wa kweli hatazami vidole. Aliyetazama chini alipigwa rula.

Wavinya ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote. Makosa yake hakuna aliyeyaona, kwa kuwa ubao hauandiki.

Jumamosi ile walikuja wageni. Mkuu wao alikuwa Bi Leila, mama mwembamba wa ofisi ya wafadhili. Alikuwepo Mzee Githinji, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka la misumari na mabati. Wageni wote walivua viatu, wakaingia kwa soksi, wakasimama nyuma kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Bwana Kagwe peke yake alibaki mlangoni na viatu vyake. Hakuwahi kuingia chumba hicho. Alipenda kusema kwamba msimamizi husimama mlangoni.

Waya wa simu ulikuwa umetolewa ofisini kwake, ukapitishwa dirishani, ukafika kwenye kompyuta. Kitambaa kikafunuliwa. Wavinya akaketi, akanyoosha mgongo, akatazama ukuta, akapiga.

Baada ya neno la kwanza jicho lilimponyoka likaenda kwenye kioo. Vidole vikasimama.

"Endelea, binti," Bwana Kagwe akasema kutoka mlangoni. Tabasamu lilikuwa la wageni, meno yalikuwa ya Wavinya.

Akatazama chini. Pale ambapo A ilipaswa kuwa, palikuwa na Q. Kila kitu kilikuwa kimehama, kama mtu amerudi nyumbani akakuta kitanda jikoni. Lakini vidole vilikuwa vimesomea mbao mwaka mzima, na nyuma yake kulikuwa na wageni kumi na wawili waliokuwa wakijizuia kukohoa. Akamaliza alivyofundishwa.

Bi Leila akainama kwenye kioo. "Hii ni lugha gani?"

Gichuru akatazama dari.

"Ni Kikamba, madam," Bwana Kagwe akajibu haraka. "Huyu ni binti wa Kikamba. Sisi hapa hatudharau lugha za mama."

Wageni wakapiga makofi. Gichuru akabonyeza kitufe cha kutuma, kwa kuwa hicho alikijua vizuri, na barua ikaenda.

Soda ziliponywewa na gari la mwisho lilipotoka, Bwana Kagwe alimwita mpishi wa shule, Kyengo, Mkamba wa Kangundo, akampa ile karatasi. Kyengo aliipindua, akairudisha, akaipindua tena.

"Mwalimu, hapa hakuna Kikamba," akasema. "Hapa hakuna hata mahali pa kuvuta pumzi."

Basi ikawa Bwana Kagwe amewadanganya wafadhili, na uongo huo ulihitaji mwenyewe. Hakutaka awe yeye. Jumatatu asubuhi Wavinya akabebeshwa sanduku.

* * *

Mchana wa siku hiyo hiyo, Wavinya alichukua ubao mmoja uliokuwa umebaki kwa Munyao kwa sababu ulipasuka pembeni. Akaweka karatasi ya ushahidi kando yake, akaanza kugonga polepole, safari hii akitazama.

"Baba, njoo uone. Kila nikitaka A, inatoka Q. Nikitaka B, inatoka W. Hapa kwako juu kuna A, B, C. Kwa mashine hapo juu kuna Q, W, E. Niliona kwa macho yangu."

"Mashine yao basi ni mbovu."

"Zote tano?"

Munyao alienda kwenye kopo la misumari, akachokora chini, akatoa karatasi aliyopewa na Bwana Kagwe mwaka uliopita, imekunjwa, ina madoa ya gundi. Akaifungua juu ya benchi. Q, W, E, R, T, Y.

"Hii ndiyo walikupa?" Syombua akauliza.

"Ndiyo."

"Na wewe ukachora A, B, C."

"Ilikuwa imevurugika, mama. Angalia mwenyewe. Q mbele, A nyuma, M imetupwa mwisho kama mtoto wa kambo. Nikasema, huyu mwalimu ni mtu wa kazi nyingi, amechora kwa haraka. Nikazipanga."

"Nani alikwambia uzipange?"

"Nani huambiwa? Ukipewa kabati limechorwa upande, unalitengeneza upande?"

Syombua aliacha uzi ukaanguka. Alitaka kucheka, na kwa muda kidogo alicheka, kisha akakumbuka Ijumaa.

"Sasa sikia, Baba Wavinya. Ukienda ukasema ni wewe, watasema mbao hazifai, na karo ya miaka miwili itakuja kukaa hapa mlangoni. Hatuna. Mtoto atafukuzwa kwa karo. Ukinyamaza, atafukuzwa kwa matusi."

"Najua."

"Kwa hivyo?"

Munyao akachukua msasa, akaanza kusugua ule ubao uliopasuka, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Wakimfukuza kwa karo," akasema, "hiyo ni shida yangu. Mimi ni maskini na watu wanajua. Lakini akifukuzwa kwa matusi, hiyo itamfuata yeye mpaka kwa bwana yake."

Akaufunga ubao na karatasi ndani ya gazeti.

* * *

Ijumaa walifika Ruiru saa tatu na nusu, wakawekwa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa sita. Njambi, karani wa shule, alitoka mara mbili. Mara ya kwanza alisema kamati inakunywa chai. Mara ya pili alimwambia Munyao asiegemee ukuta, ulipakwa rangi juzi kwa ajili ya wageni.

"Haukunichafua," Munyao akasema.

"Si wewe, Mzee. Ni ukuta."

Ndani, Bwana Kagwe aliketi katikati, Mzee Githinji kulia kwake, Gichuru kushoto. Wavinya na wazazi wake walipewa viti viwili. Munyao akasimama.

"Mzee Munyao," Bwana Kagwe akaanza, "sisi hapa tunawafundisha watoto kutumia teknolojia kwa uangalifu. Intaneti si ukuta wa choo, mtu aandike anachotaka akimbie. Barua ikishatoka imetoka. Dunia nzima inaona. Binti yako ameiaibisha shule, wafadhili, na kabila lake."

"Kabila lake limefanya nini?" Syombua akauliza.

"Mama, zamu yako itafika."

"Mwalimu," Munyao akasema, "kosa ni langu."

Akafungua gazeti, akaweka ubao mezani, akaweka karatasi kando yake. Akaeleza yote: karatasi iliyovurugika, rangi nyeusi, A, B, C. Alieleza kwa urefu, kama fundi anavyoeleza kwa nini mlango haufungi. Bwana Kagwe alisikiliza huku akiondoa vumbi lisilokuwepo juu ya meza.

Mzee Githinji akainama mbele. Huyu alikuwa mtu wa kupima misumari kwa kilo. Hakupenda hadithi isiyowekwa kwenye mizani.

"Twende tuone mashine," akasema.

"Mwenyekiti, hakuna haja ya..."

"Twende, Kagwe. Na ufunguo uje."

Mlangoni pa chumba cha kompyuta, wote wakainama kuvua viatu. Munyao hakuwa na soksi. Miguu yake ilikuwa na vanishi mpaka kwenye kisigino, na Njambi akakimbia kumletea mifuko miwili ya plastiki, akamfunga miguu kama mkate. Bwana Kagwe alibaki mlangoni.

"Mimi nitasimamia hapa."

"Ingia," Mzee Githinji akasema.

"Msimamizi, mwenyekiti..."

"Ingia, bwana! Ama kanuni ya kwanza si yako?"

Bwana Kagwe akavua. Alivua kiatu cha kushoto, akangoja, kama atasamehewa cha kulia. Soksi zote mbili zilikuwa zimekufa mbele. Vidole gumba vilitoka nje, vinene, vikitazamana. Mwaka mzima alikuwa ameitawala teknolojia kutoka mlangoni kwa sababu ya vidole hivyo. Hakuna aliyecheka. Syombua alitazama dirishani kwa nguvu sana.

Kitambaa kikafunuliwa. Ubao ukawekwa kando ya kibodi ya kweli. Mzee Githinji akavaa miwani, akalinganisha herufi moja moja, akisema kwa sauti. Hakuna hata moja iliyokubaliana na mwenzake.

"Mwalimu Gichuru."

"Naam, mwenyekiti."

"Umefundisha na hizi mbao mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Hukuona?"

"Niliona, mwenyekiti. Nilidhani hizi za mbao ni za toleo jipya."

"Na hizi za kweli ulikuwa unaziwasha?"

"Kila Ijumaa. Naziwasha, naziangalia, nazizima. Ili zisiharibike."

"Na hiyo pesa ya kompyuta ambayo wazazi hulipa?"

"Ni ya utunzaji," Bwana Kagwe akaingilia, vidole gumba vikijikunja. "Mwenyekiti, hapa mkosaji amejileta mwenyewe. Fundi ametuchongea vitu visivyofaa. Mpango umevunjika. Alete karo ya miaka miwili, na binti abaki nyumbani mpaka ilipwe. Hilo tu."

Wavinya akatazama baba yake. Munyao akapiga hatua moja mbele, mifuko ya plastiki ikilia miguuni.

"Nimekubali kosa," Munyao akasema. "Karo sina."

"Lakini wewe ndiye ulizipokea," Syombua akasema, na safari hii hakungoja zamu. "Nilikuwa hapo na vitambaa vyangu. Ulishika ubao kama huu, mwalimu, ukasema, 'Kazi safi, sasa hata mtoto mdogo anaona.' Ulisema hivyo. Ukauliza kama naweza kukusukia kingine cha redio yako. Nikasuka."

"Alikulipa?" Mzee Githinji akauliza.

"Alisema Mungu atanibariki."

Hapo Njambi alibisha mlangoni, miguu mitupu, na karatasi mkononi. Barua ilikuwa imeletwa kutoka ofisi ya Bi Leila. Ni jibu la ile shule ya ng'ambo. Mzee Githinji akamwambia aisome. Wanafunzi wa huko walifurahia sana barua ya Kikamba. Walijaribu siku tatu nzima kuyatamka yale maneno, wakashindwa, lakini walikubaliana kwamba ni lugha nzuri ya kale. Wameyaandika juu ya kitambaa kirefu na kuyatundika ukumbini. Wanaomba barua nyingine. Na wanakusanya kompyuta kumi zaidi.

Uso wa Bwana Kagwe ukabadilika kama taa iliyorudi baada ya stima kupotea.

"Kumi," akasema. Kisha akamgeukia Wavinya kwa sauti ambayo Wavinya hakuwa ameisikia tangu kidato cha kwanza. "Binti, keti. Uandike nyingine."

"Ya nini, mwalimu?"

"Ya Kikamba. Kama ile."

"Kama ile haiwezekani," Syombua akasema.

"Basi Kikamba chenyewe! Nani huko atajua tofauti?"

Mzee Githinji akakunja miwani. Yeye pia alikuwa amesikia neno kumi, na kumi zingehitaji chumba, na chumba kingehitaji mabati na misumari. Kwa hivyo alitoa hukumu haraka, na ikawa ya haki kwa bahati mbaya.

"Msichana anarudi darasani leo. Fundi atachonga mbao zote upya, kwa mikono yake, bila malipo. Mpango wa karo uko pale pale mpaka mbao ziishe. Anahitaji kunakili herufi kwa mashine yenyewe, asiote zingine. Kagwe, mpe ufunguo."

* * *

Wavinya aliketi kuandika. Safari hii alitazama chini, akatafuta kila herufi kwa kidole kimoja, kama baba yake anavyosoma. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Bwana Kagwe alikuwa ameshavaa viatu na kurudi mlangoni kwake, na kutoka pale aliona mistari tu.

"Imeshiba?" akauliza. "Iwe ndefu."

"Inashiba, mwalimu."

Gichuru alisimama nyuma ya kiti, mkono tayari kwa kitufe chake. Gichuru alikuwa Mkikuyu, na Kikuyu na Kikamba ni ndugu, ukisoma polepole unapata. Alisoma polepole. Barua ilisema hivi:

*Ile ya kwanza haikuwa Kikamba. Ilikuwa mbao. Baba yangu alikosea kuzichora na amekubali mbele ya watu. Mwalimu wetu alituambia tusitazame chini, nasi hatukutazama. Kompyuta zenu ni nzima, hazina hata alama ya kidole. Leo ni mara yangu ya pili kugusa moja, na mimi ndiye niliyegusa sana kuliko wote. Tafadhali msitume nyingine kumi. Ulizeni kwanza ufunguo uko na nani.*

Masikio ya Gichuru yakapata moto. Alitazama mlangoni. Alitazama kanuni ya tatu. Wavinya hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yameshapanda kusubiri rula.

"Inasema nini?" Bwana Kagwe akauliza.

"Inasema asante, mwalimu," Gichuru akasema, akabonyeza.

* * *

Bi Leila alikuja Jumatano ya wiki ya tatu, bila kutangaza. Barua ilikuwa imepitia ofisini kwake Nairobi, na huko kulikuwa na dereva wa kutoka Machakos, ambaye Kikamba ndiyo lugha yake. Aliingia kwa Bwana Kagwe, akakataa chai, akauliza swali moja.

"Ufunguo wa chumba cha kompyuta uko na nani?"

Bwana Kagwe akafungua droo, akaifunga. Akapapasa mfuko. Kisha akakumbuka, na kwa kuwa hakuwa na uongo ulio karibu, akasema kweli.

"Uko na fundi, madam."

Walisikia kabla hawajafika. Haikuwa ile mvua ya mbao. Ilikuwa sauti nyepesi, ya vitufe vingi, na vicheko katikati. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ndani walikuwa wanafunzi wa kidato cha nne, wanane kwa kila mashine, wakinyang'anyana kiti, mmoja akiandika barua kwa dadake wa Githurai. Wengine walikuwa na viatu. "Wee, toka bana, zamu yako imeisha!" "Tulia, namaliza mstari!" Vitambaa vya Syombua vilikuwa vimekunjwa vizuri dirishani. Gichuru aliketi katikati ya wanafunzi, Wavinya akimwonyesha mahali pa kutafuta kitu alichokipoteza. Munyao alikuwa pembeni juu ya stuli, ubao mmoja magotini, akiwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba anahitaji watoto wa kumsaidia kuhesabu herufi.

Bi Leila alisimama mlangoni, akatoa daftari. Uso wake ulikuwa umekuja na maneno, na sasa maneno hayakuwa na kazi.

"Huu ni mpango wa nani?" akauliza.

Wavinya akafungua mdomo.

"Ni wetu, madam," Bwana Kagwe akasema. "Wa shule. Tulianza na mbao ili wapate nidhamu. Sasa tumewafungulia."

Bi Leila aliandika. Baada ya wiki mbili kikaja cheti kutoka ofisi yake, chenye muhuri, kikimsifu Bwana Kagwe kwa kuongoza matumizi mema ya kompyuta darasani. Alikitundika juu ya kiti chake, upande kidogo.

Jioni ya siku aliyokitundika alishuka mpaka kwenye chumba cha kompyuta. Wanafunzi walikuwa wameenda kula. Wavinya alikuwa amebaki na baba yake akifagia vumbi la mbao.

"Mzee Munyao. Umetusaidia. Sasa nipe ufunguo."

"Mbao hazijaisha, mwalimu."

"Umemaliza ngapi?"

Munyao akainua ubao aliokuwa nao, akaupuliza, akautazama kwa jicho moja kama unalingana.

"Moja. Bado M na N."

"Moja! Zaidi ya mwezi mzima?"

"Kazi ya kwanza niliifanya haraka, ukaona ilivyotufanya. Na mwenyekiti alisema mpango wa karo ni mpaka mbao ziishe."

Bwana Kagwe alisimama pale mlangoni, kwenye mstari ambao viatu vyake havikuvuka.

"Na zitaisha lini?"

Munyao akamgeukia binti yake. "Karatasi yako ya mwisho ya mtihani ni lini?"

"Novemba tarehe kumi na tatu, Baba."

"Basi kumi na nne, mwalimu," Munyao akasema, akachukua msasa. "Asubuhi na mapema nitakuletea."